Gervas Kamuua Steringi

Deme uko wapi? Gervas kapasuliwa kichwa! Gervas wetu, anayetutafsiria filamu pale ukumbini Temeke!

Si unajua anavyofanyaga. Steringi, yule shujaa wa filamu, akifa, yeye kwenye maiki anasema, "Amezimia tu," watu wanarudi kwao na furaha. Miaka sita hajamuua steringi hata mmoja.

Leo mchana sijui kaingiwa na nini. Steringi kala risasi, Gervas akashusha pumzi, akasema, "Ndugu zangu, huyu amekufa."

Amekufa! Kasema amekufa!

Brightson akainuka. Huyuhuyu Brightson anayejitolea na sie pale ukumbini, anayepangaga mabenchi kila Jumapili! Kanyanyua benchi, kamtandika nalo Gervas kichwani. "Steringi hafi! Hafi, mshenzi we!" Ukumbi mzima ngumi, shuka la kuonyeshea likachanika, mie nimeng'atwa mkono na mtu hata simjui.

Gervas yuko chini, damu inamchuruzika, filamu bado inaendelea kwenye shuka lililochanika. Akajivuta, akaishika maiki kwa mikono miwili.

"Samahanini," akasema. "Nimekosea. Amezimia tu."

Wakakaa wote, Deme. Brightson ndo wa kwanza, kakalia benchi lilelile, bado lina damu.