Kuvuta triga bila risasi

Jumamosi, Haltom City, 2018

Nilisema mimi! Mwezi mzima navuta triga ya bastola yangu bila risasi, kujizoesha kulenga kama tulivyofundishwa kwenye mgambo, na shemeji Bosko anapiga kelele: "Shemeji, sindano ya kugongea risasi itavunjika!" Hata mimi nilianza kuogopa, maana ninayo hiyo moja tu.

Leo fundi wa bunduki kaifungua, kaimulika. Nzima kabisa! Kasema aina hii haidhuriki. Zinazoharibika ni zile ndogo za risasi nyembamba, sindano inagonga chuma kitupu.

Nikampigia Bosko kumringia. Akacheka, "Basi na mimi naanza!" Nikasikia triga yake: ta, ta, ta.

Na bastola yake ndiyo ya aina ile ndogo.

"Acha, shemeji! Ulisema kweli, yako itavunjika!"

Nimemkubalia mara moja tu. Sirudii.