Dubu Niliyempa Meno

Kibanda cha Makochi,
Nyuma ya kituo cha mafuta.
Alhamisi, 14 Mei

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu kwanza, mengine yasubiri mlangoni. Hujambo wewe? Shemeji hajambo? Lile goti lako limeacha ukorofi, au bado linakutabiria mvua? Mimi mzima, natunga uzi kwenye sindano bila miwani. Haya, miwani ninayo, lakini naivaa kwa heshima ya aliyeninunulia.

Kazi ipo. Juzi nimevalisha kochi moja upya, mwenye nalo akalipita pale mlangoni akiuliza kochi lake liko wapi. Hapa mtaani ukisema fundi, watu hawaulizi yupi. Usicheke.

Sasa nisikilize, maana nazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nina aibu, mdogo wangu. Nimemharibia mwanao.

Unajua mwanao, Mwalimu wetu, bado yuko kwenye majaribio pale shuleni, hajathibitishwa. Wakampa siku ya wazazi asomeshe mbele ya mwalimu mkuu. Akachagua dubu: vile mwili wa kila dubu ulivyokaa kulingana na anapoishi na anachokula. Akaja kwangu, "Mjomba, nishonee dubu watatu wakubwa, watoto wawaguse." Nikamwambia, "Watatu tu? Mimi dubu nawajua tangu wewe hujaota meno!" Dubu sijawahi kumwona hata mkia, na kumbe mkia wenyewe ni kijinundu tu.

Akanieleza taratibu. Yule mweupe wa kwenye barafu, ukipekua manyoya, ngozi yake ni nyeusi. Yule mdogo mla asali ana ulimi mrefu wa kuingiza kwenye mzinga. Wa tatu anakula mchwa: midomo mirefu, na meno mawili ya mbele, ya juu, hana kabisa. Hapo penye pengo ndipo anapowafyonzea. Akaniachia na kitambaa cheusi. Mimi naitikia "ndiyo, ndiyo", kichwani nimeshamaliza kushona.

Ulimi niliupatia. Ngozi nyekundu ya kiti cha kinyozi, ukiuvuta unarudi ndani wenyewe kwa springi! Hata dubu mwenyewe angeuazima. Lakini yule mweupe nikasema, nani atamvua nguo? Ndani nikampiga kitambaa cha maua kilichobaki kwenye makochi ya bibi harusi. Kile cheusi nikafunikia kigoda changu. Na yule mla mchwa... wewe unajua kinywa changu, hapa mbele pako wazi kama geti. Nikaona mtoto ananitania. Nikasema huyu dubu hatachekwa kama mimi, nikampa meno yote, ya vifungo vyeupe, yamepangika kama ya mtu anayetangaza dawa ya meno.

Siku yenyewe ukumbi ukafurika. Mwanao anasomesha mpaka raha. Akawaambia watoto, "Mpekueni huyu, mwone ngozi yake nyeusi." Wakapekua. Mawaridi! Mzazi mmoja akauliza, "Huyu ni wa barafuni au wa sebuleni?" Watu mbavu hawana. Akahamia kwa mla mchwa, "Tieni kidole hapa kwenye pengo." Pengo liko wapi?

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Badala yake nikasimama na koti langu la sherehe, nikapaza sauti: "Mwalimu amechanganya! Dubu gani kibogoyo? Nimeishi nao mimi!" Watu wakapiga makofi, nami nikawapungia mkono kama mbunge.

Mwalimu mkuu akauliza, "Sasa lipi ni sahihi, Mwalimu?" Mwanao akanitazama. Neno moja tu lingetosha kuniumbua. Akasema, "Somo ni sahihi. Vifaa ndivyo vyenye kasoro, na vifaa ni jukumu langu." Hakunitaja. Akaambiwa arudie kesho Ijumaa, na akiharibu tena, atafute shule nyingine.

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu nikasema ukweli wote, kwamba dubu sijawahi kumwona. Akanijibu, "Umefanya vyema, mzee, lakini anayepimwa si wewe." Nikarudi nikafumua. Nimeng'oa yale meno mawili, nimekivua kigoda changu na kumvisha yule mweupe. Nikampelekea mwanao. Akatia kidole kwenye pengo, akasema, "Sasa ndiyo. Ahsante, Mjomba." Nikamuuliza kesho nikae kiti cha wapi. Akainamisha macho, kwa adabu ile ile uliyomlea nayo: "Kesho usije, Mjomba."

Mimi huyu, nikarudi kibandani nikalitundika koti la sherehe.

Najua akikupigia anakwambia Mjomba hajambo, basi. Usimgombeze kwa kunifichia aibu. Ni heshima yake hiyo, na ndiyo inayonichoma. Kesho jioni mpigie yeye kwanza. Halafu nipigie mimi uniambie kama wamemthibitisha, maana mimi sina uso wa kumuuliza.

Nisalimie shemeji, na kifungua mimba wako na mkewe, na yule kitinda mimba mwambie mjomba wake bado anamshinda mbio. Mungu awafunike huko mliko, awape afya na usingizi mzuri. Na kesho ampe mwanao ulimi mwepesi, mimi anipe mzito.

Kaka yako akupendaye, ingawa leo hajipendi sana,
Bingwa wa Makochi