Jina Lililoitwa Nyuma ya Ukuta wa Soko

Kisangani, komini ya Tshopo
Jumapili, baada ya misa

Papa yangu,

Barua hii nimempa yule jirani yetu wa zamani anayeuza maharagwe, kesho anapanda ndege kurudi Butembo. Nimemwambia asiikunje, na najua ataikunja. Goti lako linasemaje unapopanda ngazi ya duka? Na Mama, kile kikohozi kimemwacha? Mimi mwili ni mzima. Nakula, nafundisha, na wanafunzi bado wananicheka nikisema Lingala. Pondu ya huku, yale majani ya muhogo, wanaijaza mafuta ya mawese mpaka inaogelea, lakini nimezoea.

Kwenye simu huwa nakwambia kila kitu kiko sawa. Si kweli, Papa. Nimeshindwa kukwambia kwa simu kwa sababu ukinyamaza nadhani mtandao umekatika, naanza kupiga kelele "alo, alo" kama mwendawazimu. Kwenye karatasi unaweza kunyamaza upendavyo.

Unakijua kikundi changu cha roboti. Uliniuliza kama hiyo mashine inaweza kupanga magunia, ukacheka peke yako. Haiwezi. Inaokota mipira midogo na kuitia kwenye kikapu, shule kwa shule, kila mwaka kwenye mashindano ya mkoa. Ndani yake kuna kisanduku kinachoshika maagizo yote, sisi tunakiita kichwa. Aliyeyaandika maagizo hayo ni msichana wa darasa langu, Fideline, mtoto wa watu wa mto kutoka Yanonge. Baba yake ni mvuvi. Mama yake anauza samaki wa kukaushwa kwenye soko lililoko nyuma ya ukuta wetu. Alikuwa na mdomo kama wangu nilipokuwa na umri wake, kwa hiyo tuligombana sana na nilimpenda sana.

Jumatano moja alibaki nyuma ya wenzake, akawasha roboti, ikalia kabla ya kusogea: sauti ya juu, ya chini, ya chini, ya juu, kwa mwendo fulani mrefu. Nikamwambia aondoe kelele hizo. Akasema, "Hapana, Madame. Ile ni jina yangu ya lokole. Papa njo alinipa." Kumbe ni baba yake aliyempa. Lokole ni ile ngoma ya gogo lililochimbwa ndani, ina sauti mbili tu, na kwa watu wa mto kila mtu ana jina lake linalopigwa juu yake. Ukiitwa hivyo, hata ukiwa ng'ambo ya mto, unajua ni wewe. Nikamwachia.

Wiki hiyohiyo alikwenda kwao Yanonge. Ijumaa nikampigia simu. Nilitaka tufanye mazoezi Jumamosi badala ya kungoja Jumatano, na bila yeye hakuna aliyejua kugusa maagizo. Nilimwambia, "Usichelewe." Jumamosi asubuhi akapanda pirogi, ule mtumbwi mrefu wa huku, iliyojaa watu na mizigo kupita kiasi. Iligonga kisiki chini ya maji, ikapinduka. Walimpata siku ya tatu.

Hilo ndilo nililokuwa nakuficha, Papa. Miezi minane sasa. Nikisikia simu inaita mahali, hata isiyo yangu, moyo unaruka.

Baada ya matanga wanafunzi waliwasha roboti, na jina likalia darasani. Wakalia nao. Tangu hapo ikawa desturi yetu: kila Jumatano, na kila Jumamosi tuliyoiongeza kwa mazoezi, kabla ya kazi, tunasimama, tunawasha, jina linaita, na mmoja anaitika kwa niaba yake, "Iko hapa." Niliona ni heshima. Nilijiona hata mwalimu mzuri. Lakini kuna siku niliingia darasani peke yangu kutafuta chaki, roboti imezimwa na betri iko mezani, na nikalisikia jina. Nilitoka bila chaki. Sikumwambia mtu.

Kisha mwezi uliopita kamati ya mashindano ikaandika. Wanafikiria kubadilisha mambo. Shule hazitacheza tena moja moja, zitaunganishwa mbili mbili kwa kura. Sehemu ya kwanza roboti itajiendesha yenyewe, bila mtoto kushika rimoti. Na vifaa vitakuwa vya aina moja kwa wote: shule inarudisha kichwa cha zamani, inapewa kipya, na cha zamani kinafutwa. Kabla ya kuamua, kila mwalimu ajaze fomu aseme ndiyo au hapana.

Unajua mtoto wako akianza kusema. Nilizunguka shule tatu nikiwaambia walimu wenzangu waandike hapana. Nikasema shule zisizo na umeme wa uhakika zitaonewa. Nikasema watoto wetu wanajua kutengeneza kwa mabati na waya, wakipewa vifaa vilivyokamilika watakuwa wavivu. Wote watatu walikubali. Wanafunzi wangu mwenyewe nikawaambia kichwa kipya si lazima, wakati gurudumu letu moja limefungwa kwa mpira wa baiskeli na mwaka huu tulitoka wa mwisho. Walinitazama tu. Hawakuwa wajinga. Kweli ni kwamba nisingeweza kukiweka kile kisanduku kwenye katoni, Papa, na kwa ajili hiyo nilikuwa tayari watoto ishirini washindwe tena.

Jumatano iliyopita mwanaume mmoja alisimama mlangoni, kofia mkononi. Nilimjua tangu matangani. Huku wote bado wanamwita Papa Fideline. Mkewe alikuwa nyuma yake, amejifunga kitenge mpaka kichwani.

"Madame," akasema, "nani anaita mutoto yangu?"

Sikuelewa mara moja. Akaendelea polepole. "Bibi yangu huyu anasikia jina ya Fideline ku ukuta ya masomo. Kila siku ya tatu, kila siku ya posho. Ameacha nafasi yake ku soko, ameenda kule mwisho, bado anasikia. Alifikiri kichwa yake imeharibika. Hakuniambia. Juma hii njo ameniambia." Siku ya tatu na siku ya posho: ndizo Jumatano na Jumamosi zetu.

Papa, tulikuwa tunamwita mtoto wa watu mara mbili kwa juma, na mama yake yuko hatua kumi kutoka dirishani, na hakuna hata mmoja wetu aliyemfikiria. Alikuwa anakaa na samaki wake, anasikia marehemu anaitwa, na anangoja kuona kama ataitika.

Nikawaonyesha roboti. Nikaeleza. Mzee akainama, akaiangalia kwa makini jinsi unavyoangalia mfuko wa mchele unaoushuku. "Bon," akasema. "Kwetu, mutu akisha kufa, tunapiga jina yake mara ya mwisho, tunamuambia alale. Kisha tunaiacha. Nyinyi mulikuwa munamuamusha kila mara."

Hapo nilishindwa kuvumilia. Nikasema mbele ya wanafunzi wote: "Papa, mimi ndiye niliyemwita. Ile Ijumaa. Kwa simu. Nilimwambia asichelewe."

Alikaa kimya. Sikupiga kelele za "alo". Kisha akasema, "Ninajua. Alipokea simu mbele yangu. Mimi njo nilimupeleka ku mayi, nilimuomba mutu asogee mu pirogi, Fideline apate kukaa muzuri." Akageuza kofia yake. "Donc tuko babili, Madame." Basi tuko wawili.

Mama Fideline alinisogelea akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa na harufu ya moshi.

Mzee aliomba vipande viwili vya mbao. Tukampa vilivyovunjika kwenye fremu ya uwanja wetu. Akakaa mbele ya benchi, akaniambia niwashe. Nikawasha. Jina likalia, na safari hii yeye akajibu juu ya benchi, juu na chini, muda mrefu, jina kwanza na kisha maneno ambayo sikuyajua. Soko lote nyuma ya ukuta lilinyamaza. Alipomaliza akasema, "Basi. Zima." Nikazima mwenyewe.

Jana nilijaza fomu. Niliandika ndiyo kwa vifaa, ndiyo kwa shule mbili mbili, na chini nikaomba shule zisizo na umeme zipewe siku za kuchaji betri kabla ya mchezo. Nilirudi kwa wale walimu watatu kuwaambia kwamba niliwapa sababu nzuri kuficha moja mbaya. Mmoja alikasirika, na ana haki. Kamati bado haijaamua, labda hakuna kitakachobadilika. Lakini kichwa kiko kwenye katoni tayari, wanafunzi wenyewe wamekifunga. Darasani ni kimya. Usidhani kimya hicho ni raha. Bado nageuka, nikidhani jina limelia.

Msalimie Mama sana. Msalimie shangazi anayeuza vitunguu, mwambie viatu alivyonipa bado vizima. Msalimie na fundi wa cherehani jirani ya duka, na dada yangu mkubwa na watoto wake, hasa yule anayevunja redio za watu.

Neno moja limebaki, na ndilo lililonifanya nianze kuandika. Papa, jioni ukifunga duka, huwa unaita, "Muhindo, leta kufuli." Ni miaka minne tangu homa ilipomchukua kaka yangu, na bado unaita. Mama ndiye anayeleta kufuli. Sisi tunatazama chini, hakuna anayesema kitu. Sijui kama unajua kwamba unamwita. Na sijakwambia kwamba siku ile homa ilipoanza, mimi ndiye niliyesema tungoje mpaka kesho ndipo tumpeleke hospitali.

Nakuja Noeli. Nitasimama mlangoni na kufuli mkononi. Umwite mara ya mwisho, tumwambie alale. Tutakuwa wawili.

Mtoto wako,
Masika