Daktari Aliyesimama Mlangoni

Mjomba wangu, Baba Zuhura,

Shikamoo. Nimeolewa, Mjomba. Naanza na hilo kwa sababu limenijaa mpaka sina pa kuliweka. Hii ni wiki ya tano, na kila nikiamka bado nashangaa kumwona mtu amelala upande wa ukutani, mdomo wazi kidogo, nami nakaa kumtazama mpaka chai inachelewa. Anaitwa Rajabu, ni Myao wa hapa Masasi, anauza vipuri vya pikipiki. Ungempenda. Ungebishana naye kwanza, kisha ungempenda.

Lakini furaha hii ina mahali panapouma, na pale pana wewe. Nilikukosea mbele ya watu, nikachelewa kukuomba radhi, ukafariki. Kwa kuwa kosa lilikuwa la hadharani, barua hii pia naiacha wazi, aisome anayetaka.

Wasioijua Newala ya miaka ile niwaambie kidogo. Mjomba wangu alikuwa na banda la video nyuma ya soko: mabenchi ya mbao, televisheni moja, deki na jenereta iliyofungwa uani ili kelele yake isishinde sauti ya mtafsiri. Mtafsiri alikuwa wewe. Ulikaa kwenye stuli pembeni ya kioo, fimbo mkononi, ukawasemesha Wazungu Kiswahili chenye lafudhi yetu ya Kimakonde, na hakuna aliyeona ajabu.

Filamu iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya zamani sana, ya watu wa anga. Jina lake halisi hatukulijua, kasha lilishapotea. Sisi tuliiita Daktari na Chuma. Mama mmoja daktari ameachwa peke yake kwenye nyota ya majivu, wenzake wote wamekufa. Anayemtunza ni mtu wa chuma, mkubwa kama kabati, hana uso. Anampikia, anambeba akiugua, anamwashia taa. Baada ya miaka ishirini kinakuja chombo cha kumrudisha kwao. Kumbe mtu wa chuma ni mzito, chombo hakimwezi. Daktari anasimama mlangoni pa chombo, mguu mmoja ndani, mmoja nje, anageuka kumtazama yule aliyemtunza. Hapo kioo kinakuwa cheusi. Imekwisha.

Kwako haikuishia hapo. Kioo kikiwa cheusi na majina yakianza kupanda, wewe uliinuka kwenye stuli. "Sasa amefika kwao!" ulisema. "Wamekuja kumpokea. Huyu hapa ni kaka yake. Huyu ni mjomba wake, ametoka mbali. Huyu ni jirani aliyekuwa anafagia uwanja wake miaka yote." Uliligusa kila jina kwa fimbo. Wanawake walipiga vigelegele. Bi Somoe, aliyekaa daima kwenye mkeka wake mbele, alijifuta macho kwa ncha ya kanga. Nami nilikuwa mdogo, nimekaa karibu na mguu wako, nikiamini kwamba duniani hakuna mtu aliyepokewa vizuri kama yule daktari.

Kisha nikaja kusoma sekondari huku Masasi, bweni. Nilikuwa kidato cha tatu niliporudi likizo ya mwezi wa sita, nimevaa sweta la shule kwa sababu ya ukungu wa kwetu, na Kiingereza kimeniwasha ulimi. Jumapili ile baada ya alasiri nikaingia bandani. Banda lilijaa. Ukafika kwenye yale majina, ukagusa la kwanza, ukasema, "Huyu ni kaka yake." Nikasimama.

"Mjomba, huyo si kaka yake. Huyo ni fundi wa taa. Huyo anayefuata ameshona nguo. Yule amepika chakula cha wafanyakazi. Daktari hakufika popote, filamu inaishia mlangoni."

Nakumbuka mtu mmoja nyuma akisema, "Eti nini?" Halafu banda likapasuka.

"Kwa hiyo alibaki?"

"Abaki na nani, na bati?"

"Bati lililomlisha miaka ishirini! Wewe mumeo amekulisha mingapi?"

"Mimi nilisema zamani. Yule mama hakuwa na nia ya kuondoka."

"Hana nia na mguu uko ndani? Angalia mguu, usiangalie uso!"

Watu walicheka, wakabishana, wakagawanyika mabenchi kwa mabenchi, nami nikasimama katikati kama mwalimu aliyefundisha vizuri. Bi Somoe peke yake aliinuka. Alikunja mkeka wake, akapita mbele yangu, akatoka. Wewe ulizima deki. Ukasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mtoto amesoma. Ni jambo la heri." Ukaenda uani kuzima jenereta.

Tangu siku ile hukuionyesha tena Daktari na Chuma. Walipoiomba ulisema mkanda umeharibika. Mimi nilijua haujaharibika, nilikuwa naufuta vumbi mwenyewe kila likizo. Ulinipeleka stendi kila nilipofunga safari ya kurudi shuleni, ukanifungia mihogo ya kuchoma, ukaniuliza habari za masomo. Hukuwahi kulitaja. Nami kila mara nilisema moyoni, nitamwomba radhi likizo ijayo. Likizo zikaisha, shule ikaisha, nikapata kazi huku kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi, simu zikaja, banda likafungwa. Masika yaliyopita ukaugua siku nne tu. Nilifika siku ya tano.

Sasa nikusimulie nilivyompata Rajabu, maana umo. Alikuja dukani na rafiki yake kutoa kopi, umeme ukakatika, wakakaa kwenye benchi kungoja. Nikasikia wanabishana kuhusu mama daktari na mtu wa chuma. Kumbe hata Masasi filamu ile ilifika, ila huku hawakuwa na mtafsiri wa kuendelea baada ya kioo kuwa cheusi. Kila mtu alitoka na mwisho wake. Rajabu alikuwa anasema, "Alibaki. Mtu amekubeba miaka ishirini, leo utamwacha kwa sababu ana uzito?"

"Aliondoka," nikasema kutoka nyuma ya meza.

Akageuka. "Dada, wewe uliona?"

"Aliondoka, na kwao walimpokea. Alikuwepo kaka yake, na mjomba wake ametoka mbali…" Miaka yote ile, Mjomba, nilikuwa nikijiona mwenye haki. Sasa nilikuwa natetea maneno yako mbele ya mwanamume nisiyemjua, na machozi yananitoka kwa ajili ya fundi wa taa.

Rajabu hakucheka. Umeme uliporudi hakuondoka. Kesho yake alirudi bila karatasi yoyote ya kutoa kopi. "Nimefikiria usiku kucha," akasema. "Kama aliondoka, yule wa chuma alifanya nini asubuhi yake?" Keshokutwa alirudi na swali jingine. Mjomba, nilichumbiwa kwa maswali! Wengine hupelekewa kanga na manukato, mimi nililetewa hoja, na kila hoja ilikuja na macho yale, na kicheko kile kinachoanzia kifuani. Niliogopa siku moja nimshinde, asirudi.

Posa ilipofika nyumbani, neno la kuitikia lilikuwa lako. Unajua kwetu baba anasikiliza, mjomba ndiye anayejibu. Mdogo wako alikaa mahali pako akajibu vizuri, hakukosea kitu. Mimi nilikuwa chumba cha pili nikisikiliza, na nilichosikia ni kwamba ile sauti si yako.

Siku ya harusi watani wa upande wa Rajabu walituandama. "Mmakonde gani huyu anayeteremka kumfuata mume? Kwenu si mume ndiye anayehamia akalime shamba la mama mkwe?" Shangazi zangu wakawajibu, "Tumewapa mmoja awafundishe kuoga. Akimaliza tutamfuata." Nilicheka chini ya ushungi. Kisha nikaingia garini, na tulipoanza kuteremka ule mteremko wa kutoka uwanda wa juu, nikaona nami nina mguu mmoja ndani na mmoja nje.

Wiki ya kwanza, fungate haijaisha, tuliitazama tena filamu ile kwenye simu ya Rajabu, pamoja na mama yake, saa nne asubuhi, tukichambua mboga. Ilipofika mlangoni mimi nikasema aliondoka, Rajabu akasema alibaki. Mama mkwe akatutazama wote wawili.

"Mnagombana nini? Si wangeteremsha yale masanduku? Chombo kimejaa masanduku, halafu wanasema mtu mzito."

Tulicheka hadi mboga zikamwagika. Usiku ule nilimweleza Rajabu habari yote ya bandani, jambo ambalo sikuwahi kumweleza mtu. Akasema, "Nenda kwenu. Usikae na kitu hicho nyumbani kwetu peke yako."

Nikapanda Newala. Nilianzia kwa mkeo, Mama Zuhura. Nilipomweleza nilichofuata, alinisikiliza akiwa anapepeta mchele, hakuacha kupepeta. "Radhi ya Baba Zuhura iweke kwenye dua," akasema. "Lakini aliyeumia zaidi siku ile hakuwa yeye. Nenda kwa Bi Somoe, angali hai."

Sikuelewa, lakini nilikwenda. Nilimkuta uani anaanika makopa, mihogo myeupe imetandazwa juu ya mkeka. Amepungua sana.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe si mtoto wa dada yake Baba Zuhura?"

"Ndiyo, bibi. Ndiye mimi niliyesema siku ile bandani."

"Najua. Sauti yako haijabadilika."

Akaniambia nikae. Kisha akanieleza habari ya mwanawe Bakari, aliyevuka Ruvuma kwenda kutafuta kazi Msumbiji na hakuleta neno tena. Mimi nilikuwa sijazaliwa. "Mlidhani sijui yale si majina ya ndugu?" akasema. "Sijui kusoma, lakini akili ninayo. Mjomba wako alikuwa akifika katikati ya majina yale ya Kizungu, anaingiza jina la Bakari. Kila mara. Anasema, na huyu ni Bakari, naye amerudi. Analisema upesi, wengine hawalishiki. Mimi nililifuata hilo. Kila nilipokuja bandani nililifuata hilo."

Mjomba, nilikuwa nimekaa miguuni pako miaka yote ile na sikuwahi kulisikia jina hilo.

Nikamshika miguu. Nikasema, "Bibi, nimekuja kukuomba radhi."

"Umechelewa," akasema.

Akaendelea kugeuza makopa, kipande kimoja kimoja.

"Ilishaombwa. Kesho yake asubuhi mjomba wako alikuja hapa, amevaa kanzu yake ya Ijumaa, na ilikuwa Jumatatu. Nikampa kigoda, akakataa, akakaa chini hapo ulipokaa wewe. Akasema, mtoto wa dada yangu amekukosea, na kosa la mtoto wa dada ni langu, nimekuja nalo. Nikamwambia, mbona mtoto hajasema uongo? Akasema, ndiyo, Bi Somoe, hakusema uongo, alikukosea tu."

Akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Nikamuuliza, na wewe mwenyewe unaonaje, yule mama aliondoka au alibaki? Akasema ameitazama mara nyingi kuliko mtu yeyote Newala, na hajui. Ila hawezi kuwatoa watu bandani na swali, watembee nalo peke yao mpaka kwenye mikorosho yao. Nikamsamehe, yaani nikakusamehe wewe. Wakati wa kuondoka akaniomba nisikwambie kwamba alikuja. Alisema ukijua utaanza kuogopa kusema unachokijua. Na alikuwa na furaha, mama, kwamba unakijua."

Nilimsaidia kugeuza makopa mpaka jua lilipokuwa kali, tukaingia ndani, akanipa uji. Wakati wa kuaga akanishika mkono. "Umeolewa na watu wema?" Nikasema ndiyo, bibi, wema sana. "Basi rudi kwako."

Nimerudi. Rajabu alikuwa stendi ananingoja, shati limechafuka grisi begani, hata duka hakufunga vizuri. Nimemweleza yote tukitembea. Bado anasema alibaki, nami bado nasema aliondoka, na naona tutazeeka hivi, jambo ambalo linanifurahisha kuliko nitakavyoweza kuandika. Lakini sasa nabishana kwa sauti ya chini, nikiangalia kwanza ni nani amekaa karibu.

Nilidhani barua hii itakuwa ya kukuomba radhi. Nimefika mwisho wake nikiwa sina cha kuomba, kwa kuwa ulikwenda kuniombea mwenyewe, kwa miguu, ukiwa na kanzu ya Ijumaa siku ya Jumatatu, kisha ukarudi nyumbani ukaniuliza kama nimekula. Kilichobaki mkononi mwangu ni ahsante, na sijui niipeleke wapi. Bi Somoe amesema nije tena mwezi ujao, paa lake linavuja upande wa jikoni. Rajabu ameshakubali, anatafuta mabati.

Mungu akupumzishe, Mjomba.

Mimi mpwa wako, kosa lako na furaha yako.