Jeli Haina Homoni, Je, Kondomu Tuziache?

Mpendwa mshauri, shikamoo, naomba unisaidie kabla furaha haijanipeleka pabaya. Mimi ni fundi cherehani, mama wa watoto wawili, na huyu wa pili nilijifungua kwa upasuaji mwaka jana, daktari akasema tumbo lipumzike kwanza, sasa sindano za uzazi wa mpango zilinipa maumivu ya kichwa na damu isiyo na mpangilio, vidonge navyo nikawa nasahau, tukabaki na kondomu tu, nikakata tamaa, mpaka nilipoingia duka la dawa kununua dawa ya kikohozi ya mtoto nikaona jeli ya kuua mbegu za kiume, haina homoni, haihitaji cheti cha daktari, yaani nusura nimkumbatie muuzaji! Nikaificha bafuni nyuma ya sabuni, kumbe mume wangu, kinyozi mzima, akadhani ni ya nywele, akajipaka kichwa chote, akaja kuniuliza, "Mke wangu, mbona jeli yako hailazi nywele?" Nilicheka hadi nikakaa chini, na nilipomweleza nilijua atawaka, lakini akasema taratibu, "Ungeniambia tu. Tangu upasuaji ule naogopa hata kukugusa, nisije nikakupoteza." Mshauri, nililia palepale, na tangu hapo tumekuwa kama maharusi, tunachekeana hata tukiosha vyombo! Sasa mume anasema kondomu tuziache, jeli inatosha, wifi yangu naye anasema nikimaliza tu nikimbilie kujisafisha hadi ndani, na mimi kwa furaha nimeshawaambia mafundi wenzangu wote wakanunue. Je, niko sawa, au nimeshangilia bao kabla mpira haujaingia?

Fundi Mwenye Furaha

Marahaba, fundi. Umenichekesha, na mume wa namna hiyo mshike kwa mikono miwili. Ila sasa tulia nikuseme kidogo. Kitambaa cha mteja hukikati bila kupima, iweje mwili wako unaukadiria kwa macho?

Jeli hiyo ni msaada wa kweli, lakini peke yake ni dhaifu. Kati ya wanawake mia wanaoitegemea mwaka mzima, ishirini hivi hupata mimba. Kwa tumbo lenye kovu changa, huko ni kucheza kamari. Kondomu zirudi leo hii! Jeli iweke ndani kabisa kabla ya tendo, usubiri kama karatasi yake inavyoelekeza, na kila tendo uweke upya. Wifi yako anakupotosha: ukijisafisha ndani mapema unaiosha dawa kabla haijamaliza kazi. Subiri angalau saa sita baada ya tendo. Na kwa kweli huko ndani hakuhitaji kuoshwa kabisa.

Mmoja wenu akisikia muwasho au kuungua, acheni, mwende kliniki. Na hao mafundi uliowatuma dukani, kesho warudie uwaambie wazi: jeli haikingi UKIMWI wala magonjwa ya zinaa, na ikitumiwa mara kwa mara huweza kuchubua ndani, hatari ya kuambukizwa ikaongezeka. Siku zako zikichelewa, pima mara moja, usikae ukibahatisha.

Kisha ulizia kitanzi cha shaba. Nacho hakina homoni, kinakaa miaka mingi na kinaaminika kuliko jeli. Ila huweza kuzidisha damu ya hedhi, kwa hiyo mweleze muuguzi historia yako yote.

Mumeo alikuwa anaogopa peke yake, nawe ukificha dawa peke yako, na mnalala kitanda kimoja! Basi wiki hii afunge saluni yake asubuhi moja, mwende wote wawili, mkae mbele ya muuguzi, na kila mmoja aulize lake kwa mdomo wake.