Samaki Aliyeitwa Wangare

Seattle, Marekani
9 Februari 2025

Mpenzi Shiru,

Mimi niko mzima, ila baridi ya huku haina adabu. Wewe na tumbo mnaendeleaje? Mama amepata nafuu ya magoti?

Hapa kazini kwenye matangi ya maonyesho ya viumbe wa baharini tumeletewa samaki mdogo wa mviringo kama andazi. Chini ya tumbo ana kitu cha kujibandika kwenye mawe. Makao yao ni bahari ya baridi tu, kuanzia hapa, kupitia Alaska, hadi kaskazini mwa Japani. Akila mkononi mwangu nacheka peke yangu. Bosi aliniambia nimpe jina, nikamwita Wangare, kama mama. Watu wanapanga foleni kumwona.

Mumeo,
Muturi

Kihoto, Naivasha
2 Machi 2025

Baba mtoto,

Hatujambo. Mama yako anatembea vizuri sasa. Ziwa limefurika hadi kwenye geti la jirani.

Nimeona wivu, sifichi. Unajua kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya mume. Tangu hospitali waseme ni msichana, hilo jina namwita mtoto aliye tumboni nikifua, nikipika, na wewe umempa samaki. Nilikutumia picha ya tumbo, hukusema kitu. Habari za samaki umeziandikia barua nzima. Tafadhali mbadilishie jina, na uje mwezi wa tano kama ulivyoahidi.

Mkeo,
Shiru

Seattle
20 Machi 2025

Shiru wangu,

Natumaini maji hayajawafikia. Kweli unamwonea samaki wivu? Niliwasimulia wenzangu, wakacheka sana. Jina lishaandikwa kwenye kibao, siwezi kulitoa, na desturi haihesabu samaki.

Nitakuja Agosti. Wangare tulimletea dume, sasa ametaga, na bosi anataka nikae mpaka mayai yaanguliwe na watoto wakue kidogo. Dume wake ndiye anayeyalinda, haondoki hata kidogo. Ungempenda.

Mumeo,
Muturi

Kihoto
18 Mei 2025

Muturi,

Sisi wazima. Nilijifungua Jumanne, msichana. Mama yako ndiye aliyembeba wa kwanza, akamwita Wangare. Nikamwambia, “Hapana, mama. Wangare yuko Amerika na baba yake. Huyu ni wa pili.”

Na msichana wa pili, unajua, hupewa jina la mama yangu. Ameitwa Njambi, na hospitali wameshaandika. Mama yako alilia. Nilimhurumia, lakini sikubadilisha.

Ana macho yako. Ukimlisha dada yake, msalimie.

Mama Njambi