Upande wa Pili Bado

Tarehe 4 Februari

Shemeji yangu,

Salaam. Huku kwangu tu wazima, mimi na binti yangu na ile saa ya ukutani ya dada yako, ambayo bado inachelewa dakika nne kwa siku na sitaki kuirekebisha. Habari za afya yako nimezipata juu juu. Mpwa wako anasema sikio lako la kushoto limekufa kabisa na la kulia linafuata njia hiyo hiyo. Nimekaa na habari hiyo wiki nzima nikijifanya nina kazi nyingi, na ukweli ni kwamba mezani zipo saa tatu tu za kutengeneza. Watu siku hizi wanatazama simu.

Hatujaandikiana tangu siku tuliyomzika dada yako, mke wangu, miaka miwili sasa, na sababu naijua. Ulikuja na kaseti yako, ukaiweka kwenye redio pale sebuleni kabla hatujamtoa nyumbani, ukataka waombolezaji wote wasikilize ule wimbo wako wa progresivu roki, ile roki ya nyimbo ndefu, dakika ishirini na mbili, kinanda kinazunguka kama mtu aliyepoteza funguo. Dakika ya kumi na nne nikainuka nikazima. Ukachukua kaseti ukaondoka bila kuaga.

Siombi radhi, maana bado naona haikuwa mahali pake. Naandika kwa sababu nyumba imekuwa kimya mno na sina wa kubishana naye. Dada yako ndiye aliyetuanzishia ugomvi huu. Si yeye aliyekurekodia kaseti ile alipokuwa mtunza santuri kule stesheni ya redio? Akakubandika na jina la Dakika Ishirini, akakaa katikati yetu miaka thelathini akiwa refa. Wewe ukisema ule mwisho wa ghafla, wimbo unakatwa katikati ya sauti, ndio ujasiri wa muziki. Mimi nikisema wimbo usiorudi nyumbani si wimbo. Yeye akicheka tu.

Niandikie, hata kama ni kunitukana.

Shemeji yako,
Fundi Saa


Tarehe 21 Februari

Shemeji Fundi Saa,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni, hata viatu sijavua. Asante kwa salaam. Mke wangu na watoto hawajambo. Mimi mwili mzima, kichwa ndicho kinachofungwa taratibu.

Miaka ishirini na sita nimesimama ubavuni mwa mtambo wa kuchapa, na nilipokuwa kijana tuliona mtu anayeziba masikio ni mlegevu. Haya sasa. Daktari amesema ni mshipa wa fahamu, na vile vifaa vya kupachika sikioni havitanifaa kitu. Sikio la kulia kasema litafika katikati ya mwaka, likijitahidi sana mpaka Agosti. Kazini wameshanihamishia stoo ya karatasi, ambako hakuna wa kunisemesha. Jioni nikirudi nasikiliza kile ninachokitaka, kimoja kimoja, nikikiaga.

Wewe unapenda wimbo useme neno lake ukae chini. Sawa. Wimbo wa dakika tatu nikiusikia mara mbili nimeumaliza, hauna tena chumba nisichokijua. Ile mirefu ina vyumba. Unaingia kwa kinanda, unapita kwa gitaa, ngoma inabadili mwendo chini ya miguu yako, unapotea kidogo na kukasirika. Na ni kule kupotea kunakofanya sauti ya kwanza ikirejea uipokee kama mgeni uliyedhani hafiki tena. Huwezi kuipata furaha hiyo kwa dakika tatu. Unarudi kutoka wapi, na hujaenda popote?

Kuhusu siku ile ya msiba, hukuniuliza kwa nini nilitaka wimbo ufike mwisho. Mpaka leo hujaniuliza. Basi, tuyaache.

Shemeji yako,
Dakika Ishirini


Tarehe 9 Machi

Shemeji,

Nimefurahi mno kupata barua yako, nimeisoma kwa sauti nikiwa peke yangu kibandani mpaka mteja akadhani naumwa. Poleni na hali. Huku sote wazima.

Sasa nimekukamata. Unasema raha ya muziki mrefu ni sauti ya kwanza kurejea. Lakini wimbo wako mwenyewe haurejei popote. Unatutembeza dakika ishirini na mbili, kisha unatuacha njiani na mizigo yetu. Umejifunga kamba mwenyewe, na leo hakuna refa wa kukuokoa. Na hilo la mwendo wa ngoma, mimi mapigo ndiyo kazi yangu. Nimeuhesabu wimbo ule: saba, saba, kisha tano, kisha saba tena. Saa ikija mezani kwangu inatembea hivyo, naifungua. Nyie wenyewe mnaita ustadi. Mimi naona wanaume watano wenye vidole vyepesi, kila mmoja anangoja zamu yake ya kuonekana.

Lakini nina neno zuri pia. Ile stesheni aliyofanya kazi dada yako inahama jengo, na santuri za zamani wanazigawa kwa yeyote anayeweza kubeba. Nitapita Jumamosi. Nikiuona wimbo wako, nitakuletea mimi mwenyewe, na gramafoni yangu begani. Tutausikiliza ungali na sikio, wewe kitini na mimi kitini, na safari hii nitakaa mpaka mwisho bila kugusa kitufe. Hilo nimekuahidi.

Shemeji yako,
Fundi Saa


Tarehe 2 Juni

Shemeji,

Hujambo? Binti hajambo? Hii ni barua ya pili, ile ya Aprili hukuijibu, na nimeanza kuogopa kwamba unaumwa.

Huku sauti za juu zimeondoka zote. Kengele ya mlango sina. Sauti za wajukuu sina, naona midomo tu. Kinanda kimeniacha, gitaa nalisikia nusu. Zimebaki besi na ngoma, na maneno ya mtu akinisogelea. Daktari ametikisa kichwa, hakusema kitu, au alisema sikusikia.

Ulipita kule stesheni? Kama uliuona, lete sasa. Usingoje nafasi nzuri. Sikuombi jambo lingine.

Shemeji yako,
Dakika Ishirini


Tarehe 19 Juni

Shemeji,

Pole sana. Mimi mzima, ni kazi tu zilinibana. Stesheni nilipita. Nilichelewa, watu walishachukua, sikuuona. Nikisikia popote nitakuarifu.

Msalimie mkeo.

Fundi Saa


Tarehe 30 Agosti

Shemeji,

Salaam kwenu. Sisi hatujambo.

Jumanne asubuhi nilimwita mke wangu, nikamwona anageuka, nami sikuisikia sauti yangu mwenyewe. Nikamwita tena kwa nguvu. Akanishika mkono akinionyesha niache kupiga kelele. Basi, ndiyo imeisha.

Watu wananishauri niweke kiganja kwenye spika, eti viziwi husikia kwa mikono. Nimeweka. Ni mtetemo tu, ule ule wa mtambo ulioniharibu. Redio nimempa mwanangu, kaseti nimebaki nayo.

Mjadala wetu umefungwa. Ushindi chukua wewe.

Shemeji yako,
Dakika Ishirini


Tarehe 12 Septemba

Shemeji yangu mpenzi,

Sikuulizi hali, hali naijua. Pamoja na barua hii kuna kifurushi. Ndani yake ni santuri. Nisome mpaka mwisho kabla hujaitupa.

Santuri hiyo niliipata Jumamosi ile ile ya Machi. Nilikudanganya. Ilikuwa kwenye rundo la tatu, karibu na dirisha, na niliijua kwa jina la wimbo ubavuni mwa jalada. Nikaigeuza kutafuta nyimbo nyingine, hazipo. Ni wimbo mmoja, shemeji. Unaanza upande wa kwanza na kuendelea upande wa pili. Ule mkato tuliougombania miaka thelathini si ujasiri wala si kasoro. Upande wa kwanza wa santuri ulikwisha, basi. Dada yako alirekodi nusu. Kwenye jalada, kwa penseli, kwa ule mwandiko wake wa kulalia kushoto, kaandika: "Upande wa pili bado."

Niliipeleka nyumbani nikijua nimekushinda. Niliitia kwenye gramafoni kwa furaha mbaya, nikitafuta maneno ya kukucheka. Kisha nikausikia upande wa pili. Nilikaa chini sakafuni na mavazi ya kazi nikalia, mtu mzima na ndevu zangu, maana sauti ya kwanza inarejea kweli; wewe ndiye uliyekuwa na haki na mimi nilikuwa mjinga tangu siku ya kwanza. Nikakumbuka siku ile nilivyoinuka mbele ya watu nikazima.

Ningekuja kwako kesho yake. Hata gramafoni nilishaifunga tayari kwa safari. Kisha nikaona aibu, nikasema wiki ijayo. Na kuna jingine baya zaidi. Nilikuwa sina kitu cha mke wangu ambacho wengine hawakigusi. Nguo alichukua binti, picha ziko kwa kila mtu, kaseti iko kwako. Ule mwandiko wa penseli nilitaka uwe wangu peke yangu kidogo. Kidogo hicho kikawa Aprili, kikawa Juni, ukaniandikia una besi na ngoma, nami nikakujibu mistari minne ya uongo. Ningekuja Juni ungeambulia nusu. Nimekunyang'anya hata nusu.

Siwezi kukurudishia sikio. Nilichoweza ni kuusikiliza tena na tena, na saa mkononi, nikakuandikia ulivyo. Nimeuweka ukurasa huo peke yake na kuukunja.

Nisamehe.

Shemeji yako,
Fundi Saa


(Ukurasa wa pili, umekunjwa)

Unaanzia pale pale ulipokatika. Ile sauti ya gitaa tuliyoizoea ikidondoka, haidondoki. Inashikwa na kinanda, wanakwenda nayo pamoja dakika moja na nusu, polepole, kama watu wawili wanaobeba kabati.

Dakika ya nne kinanda kinanyamaza. Inabaki ngoma, saba, saba, tano. Ungekuwapo ningekulalamikia. Lakini sikiliza: kila mzunguko pigo moja linaondoka. Sita. Tano. Nne. Nilihesabu mara sita nikidhani nimekosea. Dakika ya tisa mwendo umekuwa wa nne nne, wa mtu anayetembea, na hapo ndipo nilipofahamu kwamba walijua walichokuwa wanafanya tangu mwanzo.

Kisha inarudi. Ile sauti ya kwanza kabisa, ile ya kinanda, ambayo dada yako alikuwa akiimba puani akiosha vyombo. Imeshuka chini, imezeeka. Hakuna anayejionyesha. Mmoja anapiga, wanne wanamngoja. Unasikia hata kiti kinalia chumbani walimorekodia.

Inakwisha dakika ya kumi na tisa na sekunde nane. Haikatiki. Vidole vinaachia kinanda na sauti inakwenda zake, nami kila mara nimekaa nikiisindikiza mpaka sindano inapogonga katikati.

Wimbo umerudi nyumbani, shemeji. Ulikuwa umetoka mbali, ndiyo maana.


Tarehe 5 Oktoba

Shemeji,

Sisi wazima. Santuri imefika bila mkwaruzo, uliifunga vizuri. Mke wangu ameitazama, ameutambua mwandiko, akakaa chini.

Ukurasa wa kwanza nimeusoma. Sasa nikuambie lile ambalo hukuniuliza. Upande wa pili niliujua. Dada aliniambia wodini, siku nne kabla hajafariki. Alisema, "Ule wimbo wenu haukuishia pale. Bosi aliniita nikiwa nageuza santuri, sikupata tena nafasi, kisha nikaona mnavyogombana kwa raha nikanyamaza." Alicheka mpaka muuguzi akaja kumwinua.

Ndiyo maana nilileta kaseti msibani. Nilitaka wimbo ukatike mbele ya jeneza lake, kila mtu ashtuke, kisha niwaambie kwamba yeye mwenyewe kasema haujaisha. Nilikuwa nimeandika maneno hayo kwenye karatasi, mfukoni mwa shati. Ulizima zikiwa zimebaki dakika nane.

Ningeweza kukuambia siku yoyote. Niliona wewe ndiye wa kuniuliza, nikangoja miaka miwili, na huku naitafuta santuri hiyo kila pahala isipokuwa kwako. Hilo ni kosa langu na sikutwishi wewe.

Lakini Juni nilikuwa na sikio, shemeji. Lilikuwa bovu, lakini lilikuwa langu, na ulijua.

Jalada nimelikata upande ule wenye penseli, nakurudishia. Liwe lako peke yako, kama ulivyotaka. Ukurasa wa pili sijausoma. Uliukunja, sikuukunjua. Nimeutia ndani ya kasha la kaseti na kulifunga kwa mpira. Siku nitakapoweza kukusamehe nitaufungua, na usiniulize ni lini, kwa sababu kila asubuhi nalitazama kasha hilo na bado.

Endelea kuandika, hata nisipojibu.

Shemeji yako